Kisima cha Pili: Marafiki Wawili na Ahadi Iliyotolewa na Mmoja

Kisa hiki nimekitunga. Hakuna kijiji ninachokificha jina, wala watu halisi nyuma ya mwalimu na mhasibu mtakaowasoma humu. Nimekusanya mambo yanayojirudia mahali pengi ambako watu huenda kujitolea katika nchi isiyo yao, nikayaweka kwa watu wawili, ili tulitazame kwa utulivu jambo ambalo kwa kawaida hupitwa haraka. Anayekwenda kujitolea ugenini pamoja na rafiki yake huwa mgeni wa namna nyingine kabisa kuliko aliyekwenda peke yake, na gharama ya tofauti hiyo hulipwa zaidi na wenyeji.

Wahusika

Walikuwa marafiki tangu shule. Mmoja mwalimu, mchangamfu, mwepesi wa kushika lugha ngeni. Mwingine mhasibu, mkimya, mtu wa kusoma karatasi mpaka mstari wa mwisho. Shirika dogo linalopeleka watu kujitolea vijijini liliwakubalia ombi lao la kupangwa pamoja kwa miezi mitatu. Mwalimu angesaidia madarasa ya chini katika shule ya msingi. Mhasibu angekaa na chama cha akiba cha wanawake na kuwasaidia kunyoosha vitabu vyao vya hesabu. Wangelala chumba kimoja, katika nyumba ya familia iliyokubali kuwapokea.

Upande wa mwili na makaratasi walijiandaa vizuri. Walichanjwa homa ya manjano mapema, kwa kuwa cheti cha chanjo hiyo huanza kutambulika siku kumi baada ya sindano (na tangu 2016 kinadumu maisha yote). Walikata bima inayolipia kusafirishwa hadi hospitali ya mbali. Waliomba viza inayoruhusu kazi isiyo na malipo, kwa sababu katika nchi nyingi viza ya utalii hairuhusu hata kazi ya bure. Yote hayo ni ya lazima na hayana ubishi.

Lakini katika maandalizi yote hayo hawakuzungumza hata mara moja kuhusu fedha za watu wengine, wala kuhusu nani kati yao atawaambia nini wenyeji. Kila mmoja alimwamini mwenzake, na palipo na imani ya kiasi hicho, swali la wazi huonekana kama dharau.

Kijiji kilikuwa na kisima kimoja kirefu chenye pampu ya mkono, kilichoachwa na mradi uliokwisha kufunga ofisi zake. Kilisimamiwa na kamati ya maji ya watu saba, mwenyekiti wake mzee asiye na maneno mengi. Wageni walipitishwa kisimani siku ya pili ya ziara yao, wakasalimiana na watu, wakapiga picha, wakaendelea na safari ya kuonyeshwa shule.

Mwezi wa kwanza

Nianze na faida, maana sitaki mtu aondoke hapa akidhani napinga marafiki kusafiri pamoja. Wiki ya tatu mhasibu alishikwa na homa kali usiku. Mwalimu alimwamsha mwenye nyumba, akatafuta usafiri, akakaa naye zahanati mpaka kipimo cha haraka cha malaria kilipotoa jibu na dawa zikaanza. Alijua dawa ambayo mwenzake haiwezi. Alijua namba ya simu ya nyumbani kwao. Alijua pia kwamba mwenzake akisema "sijambo" mara mbili mfululizo basi ni mgonjwa. Ujuzi wa namna hiyo haununuliwi, na katika kijiji kilicho mbali na hospitali unaweza kuokoa maisha.

Tatizo lilikuwa la jioni. Kila siku baada ya kazi walirudi chumbani, wakafunga mlango, wakaongea lugha yao. Walisimuliana siku ilivyokwenda, wakatafsiriana waliyoyaona. Mmoja akisema kuwa mwenyekiti wa kamati ya maji ni mtu mgumu, mwingine hakuwa na la kupima kauli hiyo, kwa hiyo aliitikia. Kesho yake waliirudia. Wiki iliyofuata ilikuwa imeshakuwa jambo wanalolijua. Ukichunguza, yote waliyoyajua kuhusu kijiji kile yalitoka kwa walimu wa shule, kwa familia iliyowapokea, kwa mratibu wa shirika, na kwao wenyewe. Chanzo hicho cha mwisho ndicho walichokiamini zaidi.

Linganisha na utaratibu wa Peace Corps, mpango wa serikali ya Marekani wa kupeleka watu kujitolea nchi nyingine, ulioanzishwa 1961. Muda wake wa kawaida ni miezi 27, na takriban mitatu ya mwanzo ni mafunzo ya lugha na kazi, mara nyingi mtu akiishi ndani ya familia ya wenyeji. Baada ya hapo wengi hupangwa mahali ambapo hawana mwenzao karibu. Upweke huo ni mzito, na wapo wanaoshindwa wakarudi kwao kabla ya muda. Hata hivyo humlazimisha mtu kubisha hodi kwa majirani, kukosea mbele yao, kurekebishwa nao. Wawili wetu hawakulazimika. Walikuwa na mtu wa kuongea naye kila usiku, kwa hiyo hawakuhitaji kumtafuta mwingine.

Pampu ilipokwama

Wiki ya sita pampu iliacha kutoa maji. Mkono wake ulipanda na kushuka mwepesi, bila uzito wowote chini. Watu walianza kuteka kijitoni, mbali zaidi, na ndani ya siku chache mwalimu aliona pengo darasani. Wasichana ndio waliotangulia kuchelewa, kisha kukosa kabisa. Alikuwa anawajua kwa majina. Aliumia kweli, na maumivu yale hayakuwa ya kujionyesha. Ninalisema hili kwa sababu ni rahisi mno kumfanya mtu kama yeye kuwa mjinga wa hadithi, na hakuwa mjinga.

Mchana mmoja, watu wakiwa wamekusanyika kwenye pampu iliyokufa, mama mmoja alimuuliza kama wao wageni wanaweza kusaidia. Mwalimu akajibu, kwa sauti ya kusikika na wote, "Tutawachimbia kisima cha pili kabla hatujaondoka."

Wakapiga makofi. Mhasibu alikuwa ng'ambo ya uwanja na wanawake wa chama cha akiba. Alisikia makofi, hakusikia maneno.

Angalia neno "tutawachimbia". Mmoja alisema, na kijiji kikasikia wawili. Hakuna mwenyeji aliyekuwa na sababu ya kudhani kuwa mhasibu hakushauriwa: walilala pamoja, walitembea pamoja, walikuja pamoja na wangeondoka pamoja. Usiku ule mhasibu alipoambiwa alinyamaza kidogo, kisha akauliza ni kiasi gani kitahitajika. Hilo ndilo lililokuwa jibu lake. Waliandika ombi la michango kwenye intaneti, wakaweka picha ya watoto wenye madumu kichwani, wakaandika kwamba kijiji hakina maji safi. Fedha ziliingia haraka kuliko walivyotarajia, kwenye akaunti ya mhasibu, kwa kuwa wote wawili waliona yeye ndiye mwenye kazi ya hesabu.

Kamati ya maji haikuulizwa.

Laiti wangeuliza, wangekuta mwenyekiti anajua tatizo ni nini. Pampu nyingi za mkono hazifi kwa sababu kisima kimekauka. Hufa kwa sababu mipira inayoziba pistoni imelika, au moja ya fimbo zinazoshuka kisimani imeachana na mwenzake, au bomba limeoza na kutoboka. Kinachoamua kama pampu itarudi kazini ni urahisi wa kuufikia huo mpira. Pampu ya India Mark II, iliyobuniwa India katika miaka ya 1970 kwa msaada wa UNICEF, ni imara na imeenea sehemu nyingi za dunia, lakini kubadilisha mipira yake kwa kawaida kunataka kuinua bomba zima kutoka ardhini, na kazi hiyo inahitaji vifaa vya kunyanyulia na fundi anayeijua. Pampu ya Afridev ilikuja baadaye, katika miaka ya 1980, ikatengenezwa makusudi ili wanakijiji waweze kuvuta pistoni juu wao wenyewe bila kung'oa bomba. Kisima cha kijiji hiki kilikuwa na pampu ya aina ile ya kwanza. Vifaa vya kunyanyulia vilikuwa mjini, kwa fundi ambaye huja akilipwa.

Kamati ilikuwa imeshaanza kukusanya mchango wa kila kaya kwa ajili ya fundi huyo. Sehemu kubwa ilikuwa imepatikana. Kilichobaki ni kaya za upande wa kijito, ambazo siku zote huvuta miguu kwa sababu zina maji mengine karibu. Mwenyekiti alikuwa anazizungukia jioni baada ya jioni, bila kelele. Habari za kisima cha pili zilipoenea, kaya zile ziliacha kulipa. Nani atoe fedha yake kwa pampu ya zamani wakati wageni wanaleta mpya? Na baadhi ya waliokwisha kulipa wakaanza kudai chao.

Hapo ndipo kilipo kiini cha kisa hiki, na naomba msomaji asikipite. Ahadi ilifanya madhara kabla hata ya kuvunjwa. Pampu ingeweza kutengenezwa wiki ile ile au iliyofuata. Ilikaa imekufa kwa sababu kulikuwa na ahadi ya kitu kikubwa zaidi.

Mahali pa kuchimba

Kampuni ya uchimbaji iliuliza swali moja tu la maana: tuchimbe wapi? Marafiki hawakuwa na jibu. Wakamuuliza mama mwenye nyumba, naye akawaonyesha eneo nyuma ya nyumba yake, akasema atalitoa bure. Ulikuwa ukarimu wa kweli. Walishukuru, wakamwandikia mchimbaji.

Kisima kilicho nyuma ya nyumba ya mtu, hata kikiandikwa kuwa ni cha wote, kina mwenye lango. Anayegombana na familia ile atazunguka. Anayetaka kuteka usiku ataogopa mbwa. Kaya za ng'ambo ya bonde, ambazo ndizo zilizokuwa mbali zaidi na maji, zilisikia kuwa kisima kinachimbwa walikolala wageni, nazo zikafikiri ambacho mtu yeyote angefikiri. Kulikuwa pia na choo cha shimo karibu sana. Mwongozo wa Sphere, unaotumiwa na mashirika ya misaada wakati wa dharura, unataka choo cha shimo kiwe angalau mita 30 kutoka chanzo cha maji ya ardhini, na zaidi pale ambapo udongo au mwamba unapitisha maji kwa urahisi. Hakuna aliyepima.

Mhasibu ndiye aliyeona tatizo la tatu, kwa sababu wahasibu husoma hata kile ambacho hakipo kwenye karatasi. Katika makadirio ya mchimbaji hapakuwa na mstari wa kupima maji.

Kwa asiyejua historia ya Bangladesh, mstari huo unaweza kuonekana kama urasimu. Kuanzia miaka ya 1970 nchi ile ilichimbiwa visima vya bomba kwa mamilioni, UNICEF ikiwa mstari wa mbele, ili watoto waache kunywa maji ya madimbwi yaliyokuwa yakiwaua kwa kuhara. Nia ilikuwa njema na walioifanya kazi walikuwa wataalamu. Aseniki haikupimwa. Mwaka 1993 iligunduliwa kwenye maji ya visima, na baadaye ikabainika kwamba makumi ya mamilioni ya watu walikuwa wanakunywa sumu hiyo polepole, sumu isiyo na rangi, harufu wala ladha. Kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linapendekeza kisizidi ni mikrogramu 10 kwa lita. Kwa floraidi, inayoharibu meno na mifupa na ambayo hupatikana sana katika maji ya ardhini ya Bonde la Ufa la Afrika Mashariki, mpaka ni miligramu 1.5 kwa lita. Vipimo hivi hufanyika kabla watu hawajaanza kunywa. Kama wenye wataalamu wote wale waliweza kuteleza hapo, mwalimu na mhasibu waliokuja kwa miezi mitatu hawakuwa na haki ya kukisia.

Ugomvi

Mhasibu alikaa na hofu yake karibu wiki mbili. Alijua kuwa kamati haikuulizwa, alijua kuhusu choo, alijua kuhusu vipimo, na alikuwa ameanza kusikia kutoka kwa wanawake wa chama kwamba michango ya pampu imesimama. Hakusema. Hakutaka kumwaibisha mwenzake, ambaye sasa aliitwa kwa jina na kila mtoto njiani.

Wengi wakisoma kisa hiki watamlaumu mwalimu. Mimi namlaumu zaidi mhasibu. Mwalimu alikosea kwa sekunde chache, mbele ya watu, akiwa na uchungu. Mhasibu alikosea kila siku kwa siku nyingi, akijua. Marafiki wa muda mrefu hujengeana mazoea ya kutopingana mbele za watu, na nyumbani mazoea hayo ni adabu nzuri. Lakini kama wangekuwa wageni wawili wasiofahamiana, waliopangwa pamoja na shirika, mmoja angemwambia mwingine siku ile ile, "Umesema nini pale?" Urafiki wao ndio uliozuia swali hilo, na waliolipa ni watoto waliokuwa wakienda kijitoni.

Alipokuja kusema, alisema yote kwa pamoja, vibaya, usiku. Tuache. Tuwaambie wachangiaji ukweli. Tuwaachie kamati watengeneze pampu yao. Mwalimu akajibu, "Nimesimama mbele yao nikawaahidi, rafiki yangu. Unataka nikawe mwongo?" Hapo alikuwa na hoja ambayo siwezi kuipuuza. Mtu anayeona kuwa neno lake linamfunga ni mtu mwema. Lakini alifikiri linamfunga kwa kisima, wakati lilimfunga kwa watu, na watu walihitaji maji.

Asubuhi mhasibu alianza kufungasha. Alikuwa na haki ya kuondoka. Mtu wa kujitolea si mfungwa. Hebu tazama kutoka upande wa pili wa ua, hata hivyo: wageni wawili wamechangisha fedha kwa jina la kijiji, na yule mwenye akaunti anafunga sanduku wiki nne kabla ya muda.

Kuna watakaosema kuwa dawa ni wasiende kabisa. Ivan Illich, padri na mwanafikra, aliwaambia hivyo Wamarekani waliokuwa wakielekea kujitolea vijijini Mexico, alipozungumza nao katika mji wa Cuernavaca nchini humo mwaka 1968: njooni kutazama, njooni kujifunza, msije kusaidia. Siwezi kumfuata mpaka mwisho. Vitabu vya chama cha akiba vilinyooka kweli, na wanawake wale walijua wenyewe kwa nini walimtaka mhasibu. Waliomba, wakapewa walichoomba. Lakini Illich aliliona jambo moja sawasawa: mgeni ana tiketi ya kurudi, na anayeishi na matokeo ya kosa lake ni mwenyeji.

Kikao

Mratibu wa shirika alikuwa msichana wa eneo lile, na nafasi yake ilikuwa ngumu. Wageni hulipa ada, ada hulipa mshahara wake, na sasa wageni ndio waliokosea. Wengine katika nafasi hiyo wangewapatanisha marafiki kwanza ili mambo yatulie. Yeye hakufanya hivyo. Aliwachukua wote wawili mpaka kwa mwenyekiti wa kamati, nyumbani kwake, kabla ya kikao chochote, akawaacha waseme wenyewe.

Mzee aliwasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Wanangu, mimi hamkunikosea. Mmewakosea wale waliokwisha kulipa."

Mpaka siku hiyo marafiki walikuwa wanagombana kuhusu wachangiaji wa mbali na kuhusu heshima ya mwalimu. Hakuna kati yao aliyekuwa amewafikiria watu wa kijiji kile kile waliotoa fedha zao kwanza, kwa hiari, kwa pampu yao, kisha wakaonekana wajinga mbele ya majirani waliongoja.

Kwenye kikao cha kijiji mwalimu alisimama kwanza, akaifuta ahadi kwa mdomo ule ule ulioitoa, bila kumtaja mwenzake. Mhasibu akasoma hesabu: kiasi kilichoingia, kipo wapi, kwa jina la nani, kimetumika kiasi gani. Kisha wakakaa chini, na kamati ikazungumza.

Marafiki walidhani kamati itaomba fedha ya wachangiaji itengeneze pampu. Mwenyekiti alikataa. Alisema pampu itatengenezwa kwa michango ya kaya kama ilivyopangwa, na wasiolipa watafuatwa kama walivyokuwa wanafuatwa. Wageni wakilipia safari hii, waliokwisha kutoa watataka warudishiwe, na safari ijayo pampu ikiharibika watu watakaa wakisubiri wageni wengine. Alichokubali kwa niaba ya kamati, kama wachangiaji wataridhia, ni vifaa vya kunyanyulia bomba vibaki kijijini, akiba ya vipuri, mafunzo ya mafundi wawili, mmoja wao mwanamke, na vipimo vya maji ya kisima cha zamani, ambacho tangu mradi ule uondoke hakijapimwa tena. Kisima cha pili hakikutajwa.

Fundi wa mjini alikuja wiki iliyofuata. Mipira ilikuwa imelika na fimbo moja imeachana, kama mzee alivyosema.

Familia iliyowapokea ndiyo iliyobaki na mzigo. Kwenye kikao mwalimu alieleza wazi kuwa wao wageni ndio walioomba eneo, na kwamba mama mwenye nyumba alijibu swali aliloulizwa. Ilisaidia kwa kiasi. Lakini maneno ya upendeleo yakishaingia kwenye foleni ya maji hayatoki kwa hotuba moja. Marafiki waliondoka. Familia ile bado inateka pale pale, pamoja na wale walioamini kwamba ilitaka kujimilikisha kisima. Madhara ya namna hii hayaingii kwenye ripoti ya shirika lolote, na ndiyo yanayonisumbua kuliko mengine yote katika kisa hiki.

Ambacho kingeweza kuzuia

Nikiwa na marafiki wawili mbele yangu leo, wanaojiandaa kwenda, ningeanza na jambo ambalo hawatalipenda: wasilale nyumba moja. Kijiji kile kile, sawa, umbali wa kufikiana mtu akiugua, lakini kila mmoja na familia yake, meza yake, jirani zake. Wakikutana jioni watakuwa na habari mbili tofauti za kupimana, badala ya moja inayorudiwa. Kama mhasibu angelala kwa mjumbe wa kamati, hadithi ya mwenyekiti mgumu isingeishi siku mbili. Mashirika mengi yatasema wawili ni salama zaidi chumba kimoja, na pale penye hatari halisi ya usalama nakubali. Penye amani, urahisi wa kupanga usiitwe usalama.

Halafu fedha. Mgeni asichangishe chochote kwa jina la kijiji mpaka awe na ombi la maandishi kutoka kwa chombo cha kijiji chenyewe, likieleza kitu gani, kiasi gani, nani atakitunza mgeni akishaondoka. Hili ningetaka marafiki waliweke kwenye karatasi na kulitia sahihi kabla ya safari, pamoja na ruhusa ya kupingana hadharani. Namaanisha ruhusa ya kutamkwa: mmoja akiahidi jambo mbele ya watu, mwingine ana haki ya kusema hapo hapo, "Naomba tusiseme hivyo mpaka tuwaulize kamati," na aliyeahidi hatalichukua kama usaliti. Wakikubaliana hivyo wakiwa bado nyumbani, siku ikifika maneno hayo yatatoka.

Wakubaliane pia mmoja akitaka kuondoka mapema itakuwaje: atamwambia nani, atakabidhi nini, fedha itahamia wapi. Watu huona aibu kuzungumzia kuachana wakati bado wana furaha ya kwenda. Ndiyo maana jambo hili huja kuamuliwa usiku, kwa hasira, sanduku likiwa wazi.

Barua

Marafiki walitofautiana mara ya mwisho kuhusu wachangiaji ambao huenda wasijibu. Mwalimu aliona asiyejibu ameridhika, fedha yake iende kwenye vifaa. Mhasibu alisema mtu alitoa kwa ajili ya kisima, na ukimya wake haumpi mwingine ruhusa ya kubadilisha. Niko upande wa mhasibu, hata kama maana yake ni vipuri vichache. Mwisho walikubaliana, na barua waliyoituma, ikiwa na majina ya wote wawili chini, ilisema hivi:

"Tuliwaomba fedha za kuchimba kisima. Hatukuwa tumeuliza kamati ya maji ya kijiji kabla ya kuwaomba. Tuliandika kuwa kijiji hakina maji safi. Ukweli ni kwamba kilikuwa na kisima chenye pampu iliyoharibika, na wanakijiji walikuwa tayari wanachanga kuitengeneza. Ombi letu lilichelewesha matengenezo hayo. Pampu sasa inafanya kazi, kwa fedha zao. Picha ya watoto tumeiondoa, kwa sababu wazazi wao hawakuulizwa. Kamati imeomba vifaa vya matengenezo, vipuri, mafunzo ya mafundi wawili na vipimo vya maji. Orodha yao na bei zake tumeziambatanisha kama walivyoziandika. Ukitaka mchango wako uende huko, tujulishe kwa maandishi kabla ya mwisho wa mwezi ujao. Ukitaka urudishiwe, tuambie. Usipotuandikia, tutakurudishia."